Jina Alilolitaja Koome

"Uje na mke wako," tabibu alimwambia Koome huku akiandika. "Nikikutibu peke yako ni kazi bure. Hizi chunjua ni za kuambukizana. Mnapeana tu."

Koome alikuwa bado anafunga mshipi. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na miwili, mwenye mabega ya kubeba magunia, na kila siku ya soko alipeleka kabeji, viazi na vitunguu kutoka Isiolo hadi Oldonyiro kwa kanta, lori dogo la kukodi. Kwa mwaka mzima alikuwa ameficha uvimbe uliomwota kwenye uume, mdogo mwanzoni kama punje ya mahindi, sasa umefura na kujikunjakunja kama kichwa cha koliflawa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini nadhani wahenga hao hawakuwahi kuugua mahali pale.

"Daktari, mimi sina mtu wa nje."

"Wote husema hivyo, mzee."

"Na nimetahiriwa."

"Kisu hakizuii tabia," tabibu alisema, na akacheka kidogo kwa maneno yake mwenyewe.

Kliniki ile ya karibu na stendi ilikuwa imegawanywa kwa mbao nyembamba zisizofika dari. Koome alipotoka, watu saba waliokuwa kwenye benchi waliangalia miguu yao wote kwa pamoja. Mama mmoja alimvuta mtoto wake karibu. Koome akasema "habari zenu," kwa sababu hakujua la kusema, na hakuna aliyejibu.

Mkewe, Gatwiri, alishona sare za shule barazani kwao, mtaa wa Kiwanjani. Alimsikiliza mumewe bila kuondoa mguu kwenye cherehani. Kesho yake alivaa gauni la kanisani, akaenda naye kliniki, akapanda kitanda, akachunguzwa na mtu wa umri wa mdogo wake wa mwisho. Hakuonekana na kitu. "Hazijatokea bado," tabibu alisema, na akampa kadi ya kurudi kliniki.

Walirudi kwa miguu. Walipofika langoni Gatwiri alisimama.

"Nani?"

"Hakuna mtu, Mama Kananu."

"Hii kitu haikutoka hewani."

"Naapa kwa mtoto wetu."

"Usimwingize mtoto. Mtoto ako shule."

Kananu, binti yao wa pekee, alikuwa bweni. Gatwiri alihamia chumbani mwake siku hiyohiyo, akapeleka mto, blanketi na Biblia. Hakuacha kupika. Alipika, akafunika sahani, akaenda zake. Alichoacha ni kumwita mumewe Baba Kananu. Akawa anamwita "wewe," na hata hiyo kwa nadra.

Kila wiki Koome alipakwa dawa iliyomchoma kama pilipili. Tabibu alikata kipande kidogo cha juu, kikapelekwa maabara, na karatasi ikarudi imeandikwa chunjua. Gatwiri aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia yake. Tangu hapo Koome hakuwa na la kujitetea. Unaweza kubishana na mkeo, lakini utabishana vipi na karatasi yenye muhuri?

*

Gatwiri alikuwa mtu wa ushirika. Katika miji hii yetu kuna waumini waliookoka kwa namna ya wazee wa zamani, ambao kila Jumatano alasiri hukutana nyumba hadi nyumba. Aliyeanguka husimama, huweka dhambi yake nuruni, hutaja kila kitu, na wenzake humwimbia pambio na kumkumbatia. Desturi yao moja haivunjwi: ambaye nyumba yake ina giza la dhambi isiyotajwa, hasimami kutoa ushuhuda. Gatwiri alikuwa ameongoza ushuhuda kwa miaka kumi na miwili. Sasa alikuwa na miezi minne akikaa kwenye kigoda karibu na mlango, penye viatu walivyovua watu.

Jumatano moja ushirika ulikuja kwa Koome. Waliletwa na Mzee Kimotho, mkuu wao, aliyestaafu kazi ya mifugo serikalini. Kimotho alikuwa mtu mwema, lakini alikagua mwenye dhambi kama alivyokagua ng'ombe, mdomo kwanza, halafu kwato.

"Ndugu Koome, hii ni mara ya nne tunakuja," alisema. "Hii nyumba iko giza. Uko na neno?"

Koome alimwangalia mkewe. Gatwiri alikuwa ameinama pale kwenye viatu, anavuta uzi uliochomoka kwenye pindo la gauni lake, yeye fundi ambaye hakuwahi kuvaa nguo yenye uzi unaoning'inia. Koome alimwonea huruma. Alimpenda mke huyu. Alifikiri, kwani itanigharimu nini? Dhambi ambayo mtu hakuitenda inaweza kuwa na uzito gani?

"Nilianguka," alisema.

Kimotho alisogeza kiti chake mbele.

"Sema vizuri, ndugu."

"Nilianguka na mwanamke."

"Bwana asifiwe! Wapi?"

"Oldonyiro."

"Na ni nani?"

"Mzee, jina la nini? Nimesema nimetubu."

"Ukikata nyoka mkia, umeua nyoka?" Kimotho aliuliza kwa upole. "Dhambi bila jina inarudi. Tumeona mara nyingi."

"Taja, ndugu," wengine walisema. "Taja uwe huru."

Katika Oldonyiro yote Koome alijua jina la mwanamke mmoja tu. Ni yule aliyemuuzia chai, ambaye siku kanta ikichelewa alimwekea yake kwenye chupa isipoe. Hakuwaza zaidi ya hapo. Jina lilikuwa karibu, akalichukua.

"Lul," alisema. "Wa hoteli ya chai."

Waliimba. Walimkumbatia mmoja mmoja, wanaume kwa wanawake, na Kimotho alitoa machozi ya kweli. Gatwiri alilia mpaka akashikwa, kisha akasimama, akatoka kwenye viatu vya watu, akamshukuru Mungu mbele ya wote kwa mume aliyepotea na kupatikana. Jioni ile alipika mukimo wa viazi na mahindi, akaketi meza moja na Koome, akamuuliza, "Baba Kananu, nikuongeze?" Koome akaongezwa. Sijui kama ukweli umewahi kumlipa mtu vizuri kama uongo ule ulivyomlipa Koome siku hiyo.

*

Siri ya ushirika ni siri ya watu ishirini na sita, na mmoja wao alikuwa na binamu dereva wa njia ya Oldonyiro. Siku ya pili ya soko baada ya hapo, Koome alipomaliza kushusha magunia, alikuta hoteli ya Lul imefungwa, na mabati ya mbele yamepigiliwa mbao.

"Amefunga biashara?" alimuuliza muuza nyama wa mkabala.

"Kaka yake, Jama, amemfungia." Yule muuza nyama alifuta kisu, akatabasamu. "Wacha kuuliza na unajua. Si ni wewe? Hata sisi tulikuwa tunajaribu, akakataa. Kumbe mtu wa kabeji!"

Akampiga Koome begani kwa sifa. Watu wawili waliokuwa wakipimiwa nyama wakacheka. Kisha muuza nyama akaeleza yote bila kuulizwa: Lul alikuwa ameachwa na mume miaka sita, analea watoto watatu kwa chai na chapati, na kiwanja cha hoteli kilikuwa cha Jama. Jama alikuwa amemwambia dada yake akae nyumbani kwake, hoteli asiisogelee. Wanawake wa mtaa wao walikuwa wameacha kumtembelea.

Kutoka pale nyumba ya Jama ilionekana, ya tatu kutoka msikitini, ina lango la bluu. Ilikuwa mwendo wa dakika tano. Koome alilitazama lile lango kwa muda, kisha akaenda kunywa chai kwingine. Kama unatafuta dhambi ya Koome, iko hapo.

Akafanya hivyo siku tano za soko. Uvimbe nao haukungoja. Ulikua polepole, ukaanza kutoa harufu ambayo aliifunika kwa poda, kisha damu. Gatwiri ndiye aliyeiona, akifua.

"Baba Kananu, hii si chunjua," alisema, ameshika nguo mkononi. "Chunjua haiwezi kutoa damu hivi. Kesho tunaenda hospitali kubwa."

"Tayari wamepima."

"Walipima juu. Hata kitambaa ukikata pindo tu hujui ndani iko namna gani."

*

Hospitalini daktari wa upasuaji aliitwa Ikra. Alikuwa msichana mwenye hijabu ya kijivu na kalamu tatu mfukoni. Koome alipomwona alirudi nyuma hatua moja.

"Hakuna mwanaume?"

"Yuko, amesafiri, atarudi mwezi ujao," Daktari Ikra alisema. "Unataka kumngoja?"

"Huyu ni mtoto kama Kananu," Koome alimnong'oneza mkewe.

"Basi jiambie ni Kananu amesoma," Gatwiri alisema. "Toa suruali."

Daktari aliangalia kwa muda mrefu, bila kukunja uso, na kwa hilo peke yake Koome alimshukuru moyoni. Aliuliza umeanza lini, umekua kwa kasi gani, amepakwa nini. Akabonyeza kinena pande zote mbili kutafuta vijivimbe. Alisoma ile karatasi ya kwanza na kutikisa kichwa.

"Walichukua ngozi ya juu tu. Juu hata mimi ningesema chunjua. Nitachoma sindano ya ganzi, nichukue kipande cha ndani, kinachofika chini kabisa."

Majibu yalichukua wiki tatu. Siku ya kuyapokea, daktari alifunga mlango, akavuta kiti akakaa mbele yao badala ya nyuma ya meza, na Gatwiri akajua.

"Ni kansa," Daktari Ikra alisema. "Lakini nisikilizeni mpaka mwisho. Ni aina ya nadra sana. Kansa ya uume yenyewe ni nadra, na hii ni nadra ndani ya nadra. Inafanana na chunjua, ndiyo maana watu hupakwa dawa mwaka, miaka miwili. Hii inakua polepole. Inakula mahali iko, lakini ni shida sana kukimbia kwenda kwingine. Picha zako ziko safi, na kinena ni safi. Tukikata vizuri, unapona."

"Kukata nini?" Koome aliuliza.

"Sehemu ya mbele. Na kidogo ya nyuma yake, tuwe na uhakika."

Koome alitazama mikono yake. "Nitakojoa nimesimama?"

"Nitajaribu kwa nguvu zangu zote nikuachie ya kutosha kusimama. Ukichelewa, sitaweza kuahidi. Nimekupangia Jumatatu ijayo."

Gatwiri aliuliza, polepole, kama mtu anayekanyaga daraja la mbao asilolijua.

"Daktari, hii kansa inaletwa na nini? Na mwanamke?"

"Ziko aina zinazoletwa na virusi vya kulala na mtu. Tumepima hiyo pia. Hii yake siyo. Haina virusi."

"Kwa hivyo hakuna mwanamke."

"Mama, mimi sijui mambo ya wanawake. Najua huu ugonjwa haukuletwa na mwanamke."

Ilimjia Gatwiri furaha. Lazima niseme ukweli wake, ingawa yeye hakumwambia mtu hadi leo: mumewe alikuwa ametajiwa kansa, na yeye alisikia furaha ikimpanda kutoka miguuni, kwa sababu hakuwahi kuibiwa mume. Furaha ile ilidumu muda wa kuvuta pumzi mbili. Kisha akakumbuka Jumatano ile, na pambio, na jina.

*

Walikaa kwenye ukingo wa saruji nje ya maabara, mahali pa kivuli.

"Basi Lul ni nini?" Gatwiri aliuliza.

"Hakuna Lul."

"Ulimtaja. Nilikuwa hapo."

"Nilikuwa nimechoka, Mama Kananu. Ulikuwa unakaa kwa viatu."

"Ukasema uongo kwa Mungu sababu mimi nakaa kwa viatu?"

"Mara ya kwanza nilisema ukweli, ukakataa. Nikasema uongo, ukanipikia."

Mgonjwa mmoja alipita akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, wakangoja apite.

"Sasa nitajuaje?" Gatwiri alisema, na sauti yake haikuwa na hasira tena, ilikuwa na uchovu. "Ulisema hapana, halafu ukasema ndio, leo unasema hapana. Daktari amesema ugonjwa haukutoka kwa huyo mama. Hajasema hukulala naye. Mtu anayeweza kusema uongo ati ametenda, anaweza kusema uongo ati hajatenda."

"Nikuambie nini ndio uamini?"

"Wewe usiniambie. Nataka kuona uso wa Lul. Nikitoka huko bila kuamini, Jumatatu utaenda na ndugu zako. Sitakuwa hapo."

Koome alijua kwamba mkewe hafanyi mzaha. Alijua pia kwamba kisu cha daktari angekivumilia, ila kuamka baada yake na kukuta kiti cha pembeni hakina Gatwiri, hapana.

Jioni alienda kwa Mzee Kimotho kumweleza kwamba dhambi ile hakuitenda. Alidhani mzee angefurahi. Kimotho alivua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Ndugu, hilo jambo lilisamehewa," alisema. "Liko chini ya damu ya Bwana. Kwa nini unaliamsha?"

"Mzee, hakukuwa na jambo."

"Na tuliimba?"

"Mliimba."

"Basi liache hivyo," Kimotho alisema, na akamletea maziwa. Ushirika ulikuwa na njia ya kupokea kila aina ya mkosaji. Mtu aliyekuja kusema hana kosa hawakujua wamuweke wapi.

*

Siku ya soko walifika Oldonyiro asubuhi. Koome aliwaachia wapakuaji kabeji, akaenda na mkewe hadi lango la bluu. Jama alikuwa ameketi kivulini akirekebisha redio. Alikuwa mwembamba, mwenye ndevu za hina, na alipomwona Koome hakusimama.

"Salaam aleikum," Koome alisema, ingawa salamu hiyo si yake.

Jama aliichelewesha, kisha akaijibu, kwa sababu salamu haikataliwi. "Unatafuta nini kwangu?"

"Nimekuja na mke wangu. Nilisema uongo juu ya dada yako. Nimekuja kuomba msamaha."

Lul alitoka jikoni na sinia ya mchele aliokuwa akiuchambua. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mpana, mwenye macho makavu. Hakumtazama Koome hata kidogo. Alimtazama Gatwiri.

"Wewe ndio mke?"

"Ni mimi."

"Mimi najua kitu moja juu ya bwana yako. Anakunywa chai bila sukari. Kama kuna ingine, niambie wewe, kwa sababu mimi sijui."

Gatwiri alimwangalia. Alikuwa amekuja kama fundi anayekagua nguo, kutafuta mshono. Aliona mwanamke aliyechakaa kwa hasira ya miezi mitatu, asiye na haya yoyote ya kuficha mbele ya mke wa mtu. Mtu aliyeibia mwenzake humkwepa kidogo, hata kwa kope. Lul hakukwepa. Gatwiri aliamini, na kuamini kule kulimwumiza kuliko shaka.

"Nisamehe," alisema.

"Kwani wewe ulinitaja?" Lul aliweka sinia chini, akamgeukia Koome kwa mara ya kwanza. "Nilikuwa nakuwekea chai kwa chupa. Watoto wangu wanaambiwa shuleni mama yao ni malaya wa mtu wa kabeji. Binti yangu mkubwa ameacha kwenda. Uliniua mbele ya watu, halafu unakuja kunifufua jikoni?"

"Nifanye nini?" Koome aliuliza.

"Enda soko. Sema huko."

"Nitasema. Nitasema nilikosea."

"Hapana. 'Nilikosea' hawawezi kuamini, watasema umelipwa. Sema ugonjwa. Sema kwa nini watu wako walikulazimisha, na daktari amesema nini. Ugonjwa wataamini."

Soko lile lilikuwa wateja wote wa Koome. Walikuwa Wasamburu, Waturkana, Wasomali, wanaume waliomwita kwa jina, waliomtania na kumkopa, na ambao kwao mwanamume kupungukiwa mahali pale ni sawa na kuhesabiwa miongoni mwa marehemu.

"Naweza kusema ni kansa tu?"

"Kansa ya wapi?" Lul aliuliza. "Ya mguu? Watauliza mguu wako na mimi ni wapi na wapi."

Jama alicheka bila kutaka, akarudia redio yake. Koome alimwangalia mkewe amsaidie neno. Gatwiri alikuwa ametazama chini, na hakumsaidia, kwa sababu alijua Lul amesema haki.

*

Ekuam ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa soko. Kila saa alipanda juu ya jiwe katikati ya uwanja akatangaza mbuzi waliopotea, na alikuwa na sauti ya kufika mtoni. Koome alimnong'oneza haja yake. Ekuam alimwinamia, akamwangalia usoni kuona kama amelewa.

"Una hakika, mzee?"

"Nisimamishe kabla sijakimbia."

Ekuam alipiga fimbo juu ya debe. "Kimya! Kimya nyinyi! Mtu wa kabeji ako na neno!"

Wakasogea. Walidhani ni bei. Koome alipanda juu ya jiwe, na kwa sababu mikono yake haikuzoea kukaa bure, akaishika nyuma. Jama alikuwa amekuja, na Lul nyuma yake, amejifunga ushungi, mara ya kwanza kuonekana sokoni tangu hoteli ifungwe. Watu walimwona, na minong'ono ikaanza.

"Mnanijua," Koome alisema. "Naitwa Koome. Nimewauzia mboga miaka kumi na mbili. Nilisema uongo juu ya huyu dada, Lul. Nilisema nilikuwa na yeye. Sikuwa na yeye. Hata mkono wake sijawahi kushika, ni kikombe tu nilikuwa napokea."

"Kwa nini ulisema?" mtu aliuliza.

"Nilikuwa mgonjwa. Watu walisema ni ugonjwa wa wanawake. Nikakataa, wakakataa. Nikachoka, nikataja jina." Alimtazama Jama. "Sasa daktari amepima. Ni kansa. Haikutoka kwa mwanamke yeyote."

"Kansa ya nini?"

Aliona muuza nyama amesimama mbele kabisa, kisu bado mkononi. Aliona vijana wamekaa juu ya ua wa miti.

"Iko kwa uume wangu," Koome alisema. "Jumatatu nakatwa."

Sauti ilikuwa imemshuka, lakini waliokuwa karibu walisikia. Vijana wawili juu ya ua walipasuka kucheka, na mzee mmoja akawapiga fimbo za miguu bila kugeuka. Ekuam alitafsiri kwa Kiturkana, kisha kwa Kisamburu, kwa sauti ya kawaida ya kutangaza mbuzi. Jama akatafsiri kwa Kisomali, wala hakulainisha neno. Muuza nyama aliangalia chini, akaficha kisu nyuma ya paja lake.

Koome alianza kushuka.

"Ngoja," Lul alisema. Hakupaza sauti sana. "Wale wa upande wa mbuzi hawajasikia. Huko ndiko ndugu za baba ya watoto wangu wako. Rudia."

Koome aligeuka upande wa mbuzi. Watu wale walikuwa mbali kidogo, wameshika wanyama wao kwa masikio, wanaulizana kuna nini. Alifungua mdomo. Pumzi ilitoka, maneno hayakutoka. Alijaribu tena, na machozi yakaanza kumteremka mbele ya soko zima.

Gatwiri alivua viatu, kwa sababu jiwe lilikuwa na utelezi, akapanda. Hapakuwa na nafasi ya watu wawili, hivyo alimshika mumewe kiunoni wasianguke. Alikuwa na sauti ya miaka kumi na miwili ya kuongoza ushuhuda, na aliitoa yote.

"Nyinyi wa mbuzi! Mimi ni Gatwiri, huyu ni bwana yangu! Ako na kansa ya uume, na Jumatatu anakatwa na mimi nitakuwa hapo! Huyu mama Lul hana makosa! Bwana yangu aliniambia ukweli miezi minne, nikakataa. Mimi ndio nilikuwa nataka jina. Na nilipopewa jina la mwanamke hana hatia, niliimba!"

Mzee mmoja upande wa mbuzi aliinua mkono juu, kuonyesha wamesikia, kisha akageuka akawaambia waliokuwa nyuma yake, na hao wakawaambia wengine.

Lul alisimama mpaka alipoona habari imefika mwisho wa ua. Hakumpa Koome mkono wakati anashuka, wala hakutabasamu.

"Haya," alisema. "Sasa enda ukatwe. Mungu akuponye."